Mkwe na Mabati

Kitsao alikuwa amelala chali chini ya teksi ya mtu, miguu nje, kifua wazi, spana mkononi, wakati mama mkwe wake alipotoka ndani na fimbo yake kuja kuota jua uani.

Kwa watu wengine hilo si neno. Kwa Mgiriama aliyelelewa akaleleka, ni msiba mdogo. Mama mkwe hapaswi kumwona mkwewe amelala, wala kifua wazi, wala hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani hata kama kichaka chenyewe kina siafu. Huko Kaloleni alikotoka Bi Mweri vichaka vipo tele. Hapa Magongo palikuwa na mlango wa nyumba upande huu, choo upande ule, na katikati gereji ya Kitsao ambayo ilikuwa bado haijawa gereji. Ilikuwa boriti tu zilizosimamishwa ardhini na rundo la mabati makuukuu yaliyoegemezwa ukutani, yakingoja mwenyewe akate shauri.

Kitsao aliposikia fimbo ikigonga saruji, alitulia tuli. Bi Mweri aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaunyoosha mguu wake uliofungwa bandeji, akageuza uso akatazama ukuta wa jirani ili mkwewe apate nafasi ya kutoka. Kitsao naye alibana pumzi ili mama mkwe apate nafasi ya kuondoka. Wakangojeana hivyo kwa heshima kubwa, huku oili ikimdondokea Kitsao sikioni.

Hapo ndipo mgeni akapiga hodi langoni. Alikuwa bwana mmoja aitwaye Morgan, msimamizi wa shule ndogo ya chekechea kule Chaani, mwenye vani za kubebea watoto. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna fundi mwaminifu anayefanyia kazi nyumbani kwake, na alitaka kumkabidhi vani zote, si kwa siku moja bali kwa mwaka mzima. Kazi kama hiyo Kitsao alikuwa akiiomba kanisani kila Jumapili, tangu barabara ilipopanuliwa na kibanda chake cha kando ya njia kikaondolewa.

"Shikamoo, mama. Fundi Kitsao nimemkuta?"

Bi Mweri aliitikia marahaba, kisha akafikiri. Kusema yupo ni kukiri kwamba amemwona mkwewe amelala tumbo wazi. Kumtaja jina hawezi. Na kumwonyesha kwa kidole, afadhali kidole kikatike.

"Hayupo," akasema.

Morgan akaitazama ile miguu yenye ndara za bluu iliyochomoza chini ya teksi. Akauliza kwa upole kama yule aliye chini ya gari naye ni nani.

"Mimi sijaona mtu, mwanangu," akajibu Bi Mweri, na kweli alikuwa hajaona, maana macho yake hayakubanduka kwenye ukuta wa jirani.

Miguu haikujitetea. Morgan alikuwa mtu wa bara, na kwa uzoefu wake fundi anayejificha chini ya gari mteja akifika ni fundi aliyekwisha kula pesa za wateja wengine. Akaaga vizuri, akaenda zake.

Aliyeyaona yote hayo ni Achieng, mpangaji wao wa chumba cha nje. Alikuwa dirishani akichambua mchele, na alicheka mpaka mchele ukamwagika.

*

Kafedha, mke wa Kitsao, alizipata habari kabla hajafunga genge lake la mboga. Alirudi nyumbani na vitunguu vilivyobaki, akampikia mamake uji, akamfunika mguu. Kisha akaingia chumbani akamkuta mumewe ameketi kitandani, sikio moja jeusi. Wakagombana kwa kunong'ona, kwa kuwa ukuta wa vyumba vile ulikuwa mwembamba na mzee alikuwa upande wa pili.

"Kwa nini hukutoka?"

"Nitoke vipi? Nimtambalie mamako kifua wazi?"

"Si ungevaa shati."

Kitsao akauliza ni fundi gani aliyeonekana chini ya gari na shati la kanisani. Kafedha akasema hakusema la kanisani, alisema shati. Kila mmoja akaona mwenziwe amekosa adabu.

Ugomvi wenyewe haukuwa wa shati. Ulikuwa wa yale mabati. Kitsao aliyapata kwa taabu kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa, na yalitosha jambo moja tu: ama kuezekea gereji, ama kuizungushia ukuta wa kuitenga na njia ya chooni. Kitsao alitaka paa. Masika yalikuwa mlangoni, na nani ataliacha gari lake uani kwa mtu linyeshewe? Kafedha alitaka ukuta. Mamake asingeweza kuishi kwa kugeuza uso kila siku, shingo nayo huchoka.

"Basi na aende kwa Munga," Kitsao akasema, kisha akatamani asingesema.

Munga alikuwa kakake Kafedha, mtu mwema, lakini aliishi huko huko Kaloleni, mbali na kliniki. Kidonda cha mguuni mwa Bi Mweri kilikuwa cha sukari. Nesi alisema kioshwe na kufungwa upya mara kwa mara mpaka masika yaishe, na wasithubutu kukitia majani ya porini. Dada yake Bi Mweri alianza na kidole vivyo hivyo, akaishia kukatwa mguu gotini. Kafedha hakuyarudia hayo yote. Alisema tu, "Munga hana nesi," akageukia ukutani akalala.

*

Kitsao akaenda kumtafuta wa kumwunga mkono. Akamfuata Nicanor, mumewe Achieng, aliyekuwa akifanya kazi bandarini na ambaye hakosi la kusema kuhusu watu wa pwani. Alitarajia acheke, aseme mila zimepitwa, aseme tujenge paa ndugu yangu. Alimweleza habari yote, hata ya oili.

Nicanor hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mama mkwe alikuona umelala?"

"Hakuniona. Alitazama ukuta."

"Lakini angegeuka angekuona."

"Angegeuka, ndiyo."

"Buda, hapo hakuna mchezo. Kwetu mimi nikijua mama mkwe anakuja Mombasa, nahamia Nairobi." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na umemweka kwa nyumba yako, unakula naye chungu kimoja. Wewe ni shujaa ama ni mjinga, bado sijajua."

Achieng, aliyekuwa akisuka nywele zake mlangoni, akasema wanaume wote wawili ni wajinga, na kwamba mama wa watu anauguza mguu, hana haja na vifua vyao. Kitsao alirudi kwake akiwa amepata rafiki, ila hakupata paa.

*

Kesho yake Kafedha alilifunga genge mapema, akavaa gauni la kanisani, akaenda Chaani. Hakumwambia mumewe. Alingojeshwa nje ya ofisi kwenye kiti cha watoto wa chekechea, magoti yakimfika kidevuni, huku mwalimu mmoja akimwuliza kama amekuja kuomba kazi ya usafi. Alipoingia alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo habari ilivyozidi kuwa ya aibu. Kwamba fundi alikuwepo. Kwamba miguu ile ilikuwa yake. Kwamba mama hakusema uongo, ila alisema adabu.

Morgan alisikiliza kwa uso wa mtu mzito, kisha uso ukamshinda. Alicheka akakohoa, akafuta macho, akaomba radhi, akacheka tena. Kafedha akacheka naye kidogo, ingawa moyoni alikuwa anaumia. Si jambo zuri kumchekesha mtu kwa mama yako mzazi ili mumeo apate kazi.

Morgan akasema hana neno, yeye aliambiwa fundi huyo hajui kudanganya watu na sasa ameamini. Lakini vani ni za watoto wa watu, na mvua ikinyesha zikiwa zimefunguliwa, viti vitaoza na wazazi watamjia juu. Angekuja Jumatatu ya wiki ya pili. Akikuta paa, ataacha vani moja kwa majaribio. Asipokuta, wasilaumiane.

Kafedha alirudi na jawabu asilolitaka. Aliyekuwa anapigania ukuta ndiye aliyelileta paa. Alimpa mumewe habari hizo akiwa anamenya vitunguu, ili machozi yawe na sababu.

*

Paa likapanda. Kitsao na Nicanor walipigilia mabati Jumamosi nzima, na jioni walisimama chini yake wakatazama juu kama watu waliojenga kanisa. Kitsao alikuwa na furaha ya kweli. Alihamisha meza ya spana, akatundika taa, akaandika GEREJI langoni kwa rangi iliyobaki.

Kuhusu mama mkwe, walipanga utaratibu. Bi Mweri angetoka alfajiri kabla Kitsao hajaanza kazi, na tena jioni akishamaliza. Mchana angekaa ndani, na kwa lolote lile angekohoa kwanza, Kitsao apate muda wa kujificha nyuma ya gari. Utaratibu ulifanya kazi vizuri mno. Bi Mweri hakukohoa hata mara moja. Kitsao akamsifu mama mkwe wake kwa Nicanor, akisema wazee wa zamani ni watulivu, mchana kutwa humsikii.

Aliyeugundua utulivu huo ni nesi. Siku ya kliniki alimfungua Bi Mweri bandeji, akakunja uso, akamtazama ulimi, akamwuliza Kafedha kwa nini mama hanywi maji. Kidonda kilichokuwa kikifunga kimeanza kurudi nyuma, sukari imepanda, midomo imekauka. Bi Mweri akasema yeye tangu utotoni si mtu wa maji, hasikii kiu.

Kafedha alimjua mamake. Alikuwa akimwona alfajiri na jioni akiikwepa kata ya maji, akisema baadaye, baadaye. Akaelewa. Asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni hampitii mkwe wake uani.

Hakumpigia Kitsao kelele jioni ile. Alimweleza tu, neno kwa neno kama nesi alivyosema, kisha akaongeza kwamba mama ameshafunga mzigo wake. Amesema mguu umepona, kesho apelekwe steji arudi kwake. Kitsao alikuwa na sahani ya ugali mbele yake na hakuigusa. Alijiona mdogo. Alifikiri juu ya zile siku zote alizokuwa akipiga mluzi chini ya paa lake jipya, na upande wa pili wa mlango mzee mwenye kiu amekaa kitandani akimchungia heshima yake.

*

Asubuhi, Bi Mweri alikuwa ameketi na mzigo miguuni, akimngoja Kafedha amfunge leso vizuri, waliposikia kishindo uani. Kilikuwa kishindo cha bati likianguka. Likafuata la pili. Nicanor alitoka nje na mswaki mdomoni akamkuta Kitsao juu ya boriti, nyundo mkononi, akiling'oa paa.

"Umerogwa?" akauliza.

"Niletee misumari," akasema Kitsao.

Kufikia saa sita mabati yote yalikuwa yamesimama wima, kuanzia pembe ya nyumba mpaka chooni, marefu kuliko mtu. Upande mmoja palikuwa na njia nyembamba na kiti cha plastiki. Upande wa pili palikuwa na teksi, Kitsao, na mbingu nzima juu ya kichwa chake. Wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa Miritini, kana kwamba limeitwa.

Kafedha alisimama akautazama ukuta ule. Alitaka kumwambia mumewe neno kubwa, lakini lililotoka ni kwamba msumari mmoja umekaa vibaya utamkwaruza mama. Kitsao akaugonga ukalala.

Bi Mweri hakwenda steji siku ile. Alikunywa maji, akatoka, akaketi kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza tangu aje Magongo alitazama mbele. Mvua ikaanza kudondoka. Upande wa pili alisikia spana ikiendelea kugonga chuma.

"Mkwe," akaita.

Kitsao alishtuka akajigonga kichwa. Katika miaka yote ya ndoa yake, maneno kati yake na yule mama yalipitia kwa Kafedha.

"Naam, mama."

"Umelibomoa paa lako."

"Sikulibomoa. Limeshuka chini kidogo."

Bi Mweri akauliza, na yule bwana wa watoto?

"Atapata fundi mwingine, mama. Mafundi ni wengi."

"Alisema anataka paa la bati?"

Kitsao akafikiri. "Alisema paa."

"Basi kanitafutie makuti," akasema Bi Mweri. "Na fito, na ukindu wa kushonea. Mguu ndio mgonjwa, mikono haijalala hospitali."

*

Makuti yalitoka kwenye minazi ya nyuma ya kanisa, ambako Kitsao aliruhusiwa kuokota kila lililoanguka na, padri akiwa hatazami, mengine ambayo yalikuwa yanafikiria kuanguka. Bi Mweri aliyaloweka ndani ya pipa, akayakunja juu ya fito, akashona moja baada ya jingine, mguu umenyooshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kila alipomaliza rundo alilisukuma juu ya ukuta kwa fimbo yake, na Kitsao akalidaka.

Na kwa kuwa hawakuonana, wakazungumza. Mwanzo mazungumzo yalikuwa ya kazi tu, fupisha hili, lete ukindu. Baadaye Bi Mweri akamweleza jinsi Kafedha alivyokuwa mkaidi akiwa mtoto, na Kitsao akasema hajabadilika. Kafedha alirudi kutoka gengeni siku moja akawasikia wanamsengenya kupitia bati, mmoja huku mwingine kule, wakicheka. Alijitia kukasirika.

Watu walicheka vilevile. Nicanor alisema fundi anayeezeka gereji kwa makuti na hapo hapo anachomelea vyuma ni mtu aliyechoka kuishi. Kitsao akasema kuchomelea atachomelea nje ya lango, akaweka na mapipa mawili ya mchanga. Wapita njia waliuliza kama madafu yapo. Kitsao aliwajibu yataletwa.

Morgan alifika Jumatatu kama alivyoahidi, mvua imetoka kukatika. Alisimama chini ya paa, akaangalia juu muda mrefu.

"Hii ni gereji ama hoteli ya watalii?"

"Ni gereji, bwana. Angalia chini."

Morgan akaangalia chini. Ardhi ilikuwa kavu. Akatoa mkono nje, matone ya ukingoni mwa paa yakaulowesha, akaurudisha ndani. Hapo akasikia sauti ya mama mzee ikimsalimu kutoka upande wa pili wa mabati na kumwambia fundi yuko hapo hapo mbele yake, kama hamwoni aseme. Morgan akacheka, akaacha vani.

*

Kazi ikawa kazi. Vani ya kwanza ikazaa ya pili, na kidonda kikaanza tena kufunga. Nesi alifurahi, lakini hakubadilisha kauli: mpaka masika yaishe.

Shida ni kwamba paa liliisha kabla ya masika. Siku makuti ya mwisho yalipofungwa, Bi Mweri alibaki na mikono mitupu, na mtu wa aina yake mikono ikiwa mitupu hujihesabu kuwa mzigo. Akaanza kusema amekula vya kutosha vya watu. Akaanza kusema mbuzi wake huko nyumbani hawana mchungaji wa maana. Kafedha alimbembeleza, akamkumbusha dada yake na ule mguu, akalia. Bi Mweri akamfuta machozi kwa leso, akaendelea kukunja nguo zake. Alishaamua, Jumamosi anaondoka.

Kafedha akaenda kwa mumewe. Alimkuta chini ya vani, akachuchumaa karibu na miguu yake, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba imeshindikana. Ng'ambo ya bati, Bi Mweri alikuwa kwenye kiti chake, akiota jua la mwisho la siku.

Miguu ikajivuta ndani kidogo. Kisha Kitsao akasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mwambie mama paa linavuja."

Kafedha akatazama juu. Asubuhi ile mvua kubwa ilikuwa imepiga mpaka adhuhuri. Makuti yalikuwa yamelala yakashikamana, hapakuwa na hata tundu la sindano.

"Wapi?"

"Hapo pembeni. Na hapa katikati. Na pale juu ya meza ya spana."

"Kitsao, hapavuji popote."

"Wewe hujui. Mimi ndiye ninayelala hapa chini."

Upande wa pili kiti cha plastiki kikasogea.

"Kafedha," sauti ya mamake ikasema, "mwambie mkwe wangu kwamba kazi niliyoshona mimi haijapata kuvuja tangu nizaliwe."

Kitsao alingoja chini ya vani, macho ameyafumba.

"Lakini kama yeye anasema inavuja," akaendelea Bi Mweri, polepole, "nitamwitaje mwongo kwake? Aniletee makuti. Alete ya kutosha mpaka masika yaishe."